Nyumba ya Babu, Nyumba ya Baba, na Nyumba ya Mwana

Katika vijiji vingi husikiwa maneno ya kulaumiana. Mzee humwambia kijana, "Mimi nilipokuwa na miaka ishirini nilikwisha jenga nyumba yangu, nikaoa, nikaweka na ghala. Wewe una miaka thelathini na mitano, umesoma, wapokea mshahara, na hata leo wapanga chumba kwa watu." Kijana naye hujibu, kwa moyo ikiwa ana adabu, au kwa kinywa ikiwa hana, ya kwamba wazee wake walijenga kwa vitu vya bure, wakamwachia yeye vya kununua. Katika somo hili twataka kuyapima maneno ya wote wawili, maana kila mmoja ana haki yake, na kila mmoja amesahau jambo.

Kwanza yafaa tupatane juu ya kipimo. Fedha hazifai kupimia vizazi, kwa kuwa shilingi ya mwaka 1950 si shilingi ya leo, na babu wa babu hakuijua shilingi kabisa. Kipimo kisichodanganya sana ni siku za kazi. Basi tuulize hivi: mtu wa kawaida, asiye tajiri wala fukara, yeye na waliomsaidia, walifanya kazi siku ngapi hata akalala chini ya paa lake mwenyewe?

Babu alijenga kwa vitu vilivyokuwa karibu naye. Nguzo zilikatwa porini, na fito kadhalika. Kamba zilikuwa za magome ya miti au za ukindu. Udongo wa kukandika ulichimbwa pale pale penye kiwanja. Na nyasi za kuezekea zilikatwa baada ya mavuno, zilipokwisha kauka. Kila nchi ilijenga kwa kadiri ilivyojaliwa. Wahaya walijenga msonge, ambao nyasi zake hushuka karibu na ardhi. Wagogo, ambao kwao mvua ni chache na nyasi ndefu ni shida kupata, walijenga tembe, yaani nyumba yenye paa bapa la miti iliyotandazwa udongo juu yake. Pwani watu walijenga banda la miti na udongo, wakaliezeka kwa makuti. Wenye mali wa pwani walijenga kwa mawe na chokaa, na dari zao zikachukuliwa na boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba vya majumba ya kale ya Unguja na Lamu ni virefu lakini vyembamba, kwani upana wa chumba haukuweza kupita urefu wa boriti. Boriti hizo hizo za Rufiji zilipakiwa katika majahazi zikauzwa hata Arabuni, ambako miti ya kujengea ni adimu.

Kiwanja hakikununuliwa. Kijana alipotaka kuoa aliwaendea wazee wa ukoo, nao wakamwonyesha mahali. Kazi nayo haikulipwa kwa fedha. Majirani waliitwa siku iliyowekwa, wanaume wakasimamisha nguzo na kufunga fito, wanawake wakateka maji na kuchukua nyasi, watoto wakakanyaga udongo kwa furaha kubwa, maana hiyo ndiyo siku pekee waliyoruhusiwa kujichafua. Wapare huita kazi ya namna hii msaragambo, na makabila mengine wana majina yao. Nyumba ilianza kiangazi ikaisha kiangazi hicho hicho.

Lakini hapa ndipo mzee anaposahau. Nyumba ile haikuwa ya bure. Mwenye nyumba alipika chakula na pombe, na pombe yataka nafaka, na nafaka yataka jasho la msimu mzima. Tena kila jirani aliyekuja siku moja alikuwa amekopesha siku moja. Alipojenga yeye, au alipolima, hapana budi siku ile irudishwe. Ole wake aliyekwenda kula katika kazi za wenzake asiitike alipoitwa! Zaidi ya hayo, mchwa walikula nguzo, na nyasi zilioza. Baada ya miaka michache paa lilitaka kuezekwa upya na ukuta kukandikwa tena. Tukihesabu siku hizo zote, twaona ya kuwa babu hakujenga nyumba yake mara moja. Aliijenga maisha yake yote, kidogo kidogo, naye hakuona taabu kwa sababu kila mtu alifanya vivyo hivyo.

Fedha ziliingia nyumbani kwa mlango wa kodi. Mwaka 1898 serikali ya Wadachi ilianza kutoza kodi ya nyumba, na Waingereza nao wakaweka sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Jambo la ajabu ni hili: kodi ilipohesabiwa kwa idadi ya vibanda, watu wa sehemu nyingi walibanana. Kijana aliyekuwa tayari kuwa na nyumba yake alikaa kwa baba yake, na mjane akahamia kwa shemeji, ili kibanda kimoja kipungue katika hesabu ya akida. Wapenda kusema ya kuwa zamani watu walipenda kukaa pamoja wakumbuke na jambo hilo.

Sasa tutazame nyumba ya baba. Alama yake ni bati. Mahali palipolimwa kahawa au pamba watu walipata fedha za mara moja kwa mwaka, na fedha za mara moja kwa mwaka hazifai kununulia chumvi tu. Zatafuta kitu kikubwa cha kukaa. Wachaga, ambao chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933, waliona bei ya kahawa ikipanda sana baada ya Vita Kuu ya Pili, na mabati yakaanza kung'aa kati ya migomba. Bati halitaki kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Haliungui kwa cheche. Laleta maji ya mvua katika pipa, na hilo ni jambo kubwa kwa mwanamke aliyezoea kupanda kilima na mtungi. Basi baba alibadili siku nyingi ndogo za kutengeneza kwa gharama moja kubwa ya kununua, naye hakukosea.

Bali tazama kilichofuata. Bati lahitaji ukuta wa kulistahili. Mtu hakubali kuweka bati jipya juu ya fito zilizopinda; hutaka mbao zilizopasuliwa, na misumari, na seremala ajuaye kufunga kenchi. Na seremala hali pombe akatosheka, ataka fedha. Msaragambo ukaanza kufa pale, si kwa sababu watu wamekuwa na roho mbaya, bali kwa sababu jirani hajui kufunga kenchi.

Baada ya uhuru serikali ilitaka kila mtu akae katika nyumba njema. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Kiwanda cha saruji cha Wazo, karibu na Dar es Salaam, kilianza kazi mwaka 1966. Kabla yake saruji ilitoka nje ya nchi. Mwaka 1973 ilianza Benki ya Nyumba. Katika miaka ya 1973 hata 1976 mamilioni ya watu walihamishiwa katika vijiji vipya, na wengi wao walijenga mara ya pili, kwa haraka, kwa miti iliyopatikana, huku nyumba zao za kwanza zimebaki nyuma zikianguka. Jambo hilo halitajwi sana katika habari za ujenzi, lakini ni nyumba nyingi mno zilizojengwa mara mbili kwa jasho la watu wale wale. Kisha vikaja vita vya mwaka 1978 na 1979, na nchi ikaishiwa fedha za kigeni. Wengi walio wazee leo wakumbuka miaka ile ya kwanza ya 1980, ambapo saruji na mabati vilipatikana kwa kibali. Bei iliyoandikwa ilikuwa ndogo, lakini kitu chenyewe hakikuwapo. Mtu aliweza kuwa na fedha mfukoni na kiwanja tayari, akangoja mwaka mzima mifuko kumi. Kwa hiyo asemaye ya kuwa zamani saruji ilikuwa rahisi, aulizwe kwanza kama aliwahi kuinunua.

Biashara ilipofunguliwa tangu mwaka 1986, bidhaa zilirudi madukani na bei ikapanda pamoja nazo. Benki ya Nyumba ikashindwa, ikafungwa mwaka 1995. Viwanda viliongezeka: kile cha Tanga kilikuwa kimeanza mwaka 1980, na kile kikubwa cha Mtwara kikaanza mwaka 2015. Leo mtu hangoji kibali. Angoja mshahara.

Tuje kwa mwana. Yeye ataka nyumba ya matofali ya saruji, vyumba viwili na sebule. Si anasa, ndiyo nyumba ambayo mkwe atakubali kumwona binti yake akiingia. Na tuifanye hesabu yake, kwani wengi huanza kujenga bila ya kuifanya.

Tuseme nyumba ina urefu wa futi 24 na upana wa futi 20. Kuta za nje zitakuwa futi 88, na kuta za kugawa vyumba tuseme futi 36. Jumla ni futi 124. Kimo kikiwa futi 9, eneo la kuta ni futi za mraba 1,116. Toa milango na madirisha futi 116, zabaki 1,000. Tofali la inchi 18 kwa 9, pamoja na udongo wa kulishikiza, lafunika futi ya mraba moja na tano-moja hivi. Basi kuta zataka matofali 833. Msingi wa kimo cha futi 3 wataka mengine 310. Jumla ni 1,143, na kwa kuwa matofali huvunjika, tufanye 1,200. Ukifyatua matofali 30 kwa mfuko mmoja wa saruji, ambacho ni kipimo cha mtu asiyejidanganya, wahitaji mifuko 40. Mwenye kuweza kununua mifuko miwili kila mwezi, asipougua yeye wala mtoto wake, atafyatua miezi 20. Hajashikiza tofali juu ya tofali, hajamwaga sakafu, hajapiga lipu, hajanunua bati hata moja, wala mbao, wala hajamlipa fundi mwashi.

Twaona sasa kwa nini nyumba ya babu ya kiangazi kimoja imekuwa nyumba ya miaka kumi. Ila yatupasa kuwa wakweli: hizi si nyumba za namna moja. Mwana akikubali kujenga nyumba ile ile ya babu yake, ataimaliza upesi? Hapana, na hilo ndilo ambalo kijana amesema kweli. Nguzo nzuri haziko tena karibu. Kukata miti katika msitu wa hifadhi kwataka kibali. Mahali pa nyasi ndefu pamelimwa. Majirani wako kazini, au mjini. Na mahali pengi kiwanja chanunuliwa hata kijijini, kwa kuwa ardhi ya ukoo imegawanywa kwa wana, na kwa wana wa wana, hata imekuwa vipande visivyotosha shamba na nyumba. Udongo peke yake ndio uliobaki rahisi, nao umedharauliwa.

Kwa nini basi asikope? Sheria ya mikopo ya nyumba ilitungwa mwaka 2008, na kampuni ya kuyakopesha mabenki kwa kazi hiyo ikaanzishwa mwaka 2010. Lakini riba kwa miaka mingi imekuwa kati ya 15 na 19 kwa mia. Tuseme mtu akopa shilingi milioni 10 kwa riba ya 17 kwa mia, alipe kwa miaka 15. Kila mwezi atalipa shilingi 153,900 hivi, na mwisho wa deni atakuwa amelipa karibu milioni 27 na laki 7. Yaani amejenga nyumba moja akalipa bei ya karibu tatu. Tena benki yataka hati ya kiwanja na mshahara wa kila mwezi, na mkulima hana mshahara. Kwa hiyo mkulima, mvuvi, na mama muuza samaki huweka akiba zao katika matofali. Wasomi huwacheka, wakiona pagale lililoota nyasi kando ya njia, lakini mwenyewe ana akili: fedha zikikaa mfukoni huombwa na ndugu, na zikikaa mwaka mmoja huliwa na bei; tofali haliombwi. Hasara yake ni kwamba miaka yote hiyo analipa kodi ya chumba mahali pengine, na fedha za kodi hiyo zingaliweza kuwa bati.

Hayo yote ni habari za bei. Bado habari ya wingi wa wanaotaka nyumba, nayo haieleweki vema na watu wengi. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuta watu milioni 12.3 katika Tanzania. Ile ya mwaka 2022 ilikuta milioni 61.7, yaani mara tano. Dar es Salaam, iliyokuwa na watu 273,000 hivi mwaka 1967, ilikuwa na zaidi ya milioni 5.3 mwaka 2022, karibu mara ishirini. Hilo kila mtu aliona kwa macho. Lakini kuna ongezeko jingine lisiloonekana. Mwaka 2012 kila kaya ilikuwa na watu 4.7 kwa wastani. Mwaka 2022, watu 4.3. Watu 1,000 wakikaa kwa kaya za 4.7 wataka nyumba 213. Watu hao hao 1,000 wakikaa kwa kaya za 4.3 wataka nyumba 233. Nyumba ishirini zimeongezeka wala hakuna mtoto mmoja aliyezaliwa. Ndugu wawili waliolala chumba kimoja kwa baba yao sasa wataka milango miwili, na shangazi aliyeachwa, ambaye zamani angerudi kwa kaka yake, ataka mlango wake pia.

Juu ya shangazi huyo tutue kidogo. Katika miji ya pwani nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati na ua nyuma, ilikuwa mali ya wanawake wengi. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja akapangisha vitano. Kariakoo yote ilikua hivyo. Taabu ilikuwa kiwanja. Mara nyingi nyumba ilikuwa ya mtu na ardhi chini yake ya mtu mwingine, na kule Ng'ambo ya Unguja mwaka 1928 wenye nyumba waligoma kulipa kodi ya viwanja kwa sababu ya kuongezwa mizigo hiyo. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zatamka wazi ya kuwa mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume, na sheria ya ardhi ya vijiji yamruhusu mwanakijiji kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Mwenye kuanza kujenga kabla ya kuitafuta hati hiyo amejenga juu ya maneno ya mdomo, na walioyasema maneno hayo hufa.

Kwa kijana asomaye haya akiwa na kiwanja na mifuko miwili kwa mwezi, twamshauri asianze msingi wa nyumba nzima. Na achore nyumba nzima katika karatasi, kisha ajenge upande mmoja tu: chumba kimoja, na choo, na paa juu yake, ahamie, kodi ya upangaji ikome, fedha zile ziende katika ukuta wa pili. Ukuta wa mwisho wa upande ule auachie meno ya matofali, ili ukuta mpya ushikane nao bila ufa. Ukuta usioezekwa ukinyeshewa misimu mitatu hupungua nguvu, hata ukiwa wa saruji. Na anaponunua bati aulize geji: namba ikizidi kuwa kubwa, bati lazidi kuwa jembamba, geji 32 ni jepesi kuliko geji 28, na mabati mengi ya baba yaliyodumu hata leo yalikuwa mazito kuliko yote mawili.

Udongo nao usidharauliwe. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukifundisha matofali ya kufungamana, ambayo ni udongo wenye saruji kidogo, ulioshindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi, kwa hiyo hayali kuni, nayo hushikana lenyewe kwa lenyewe, hata saruji ya kushikiza ikapungua sana. Vijana wanane wakichanga kununua mashine moja waweza kufyatuliana kwa zamu, siku kwa siku, kama babu zao walivyokopeshana siku.

Na mzee aliye na kipande cha ardhi kisichofaa mahindi apande mivinje au mikaratusi mwaka huu, mbali na kisima, maana mikaratusi hunywa maji mengi. Mjukuu aliye darasa la kwanza atahitaji mbao za kenchi wakati miti hiyo itakapokuwa tayari kupasuliwa.

Namna ya kuujua udongo ufaao kwa matofali ya kufungamana, na usiofaa, itaelezwa katika toleo lijalo.